Kiswahili Kisiishie Sebuleni mwa Tarakilishi

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Methali hiyo nimeitolea mifano darasani kwa miaka mingi, lakini ladha yake kamili niliipata hivi majuzi, usiku wa manane, nilipokuwa nimeketi mbele ya kipakatalishi changu kilichokataa katakata kuamka. Kisa chenyewe ni cha kawaida, na hapana shaka wako wasomaji waliokwisha kukutana na cha aina yake. Nakisimulia hapa kwa sababu kilinifunulia upungufu mmoja katika juhudi zetu za kukipa Kiswahili makao katika teknolojia ya kisasa, upungufu ambao sisi tunaojiita wataalamu wa lugha tumekuwa tukipita kando yake bila kuuona.

Umeme ulikatika wakati mashine ilipokuwa katikati ya kujisasisha, nayo betri yake, ambayo imezeeka, haikuweza kuibeba hata dakika moja. Umeme uliporudi, mashine iliwaka, ikaonyesha nembo ya kampuni iliyoitengeneza, ikajizima, kisha ikawaka tena. Iliendelea na mzunguko huo mpaka nikaihurumia. Mwenzangu mmoja wa idarani aliniambia kwamba dawa ni kusakinisha upya mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia programu nyingine zote na kuziwezesha kuwasiliana na kibodi, skrini, diski na sehemu nyingine za mashine. Alisema hiyo ni kazi ya saa moja. Nilimwamini, maana yeye mwenyewe aliwahi kuifanya.

Yafaa nieleze ni kitu gani kilichokuwa hatarini. Ndani ya diski ya kipakatalishi hicho mlikuwa na mahojiano niliyoyarekodi katika muda wa miaka kadhaa huko Vanga na kisiwani Wasini, nikiwasikiliza wazee wanaozungumza Kivumba, mojawapo ya lahaja za Kiswahili za pwani ya kusini mwa Kenya. Nusu ya rekodi hizo nilikuwa nimezinakili kwingine. Nusu ya pili, kwa uzembe ambao siwezi kuutetea, ilikuwa mle ndani tu. Wawili kati ya wazee hao wamekwisha kufariki dunia. Diski mpya hununuliwa dukani, lakini sauti ya marehemu haina duka.

Nilitayarisha flashi yenye programu ya usakinishaji kwa kutumia kompyuta ya mwenzangu. Jaribio la kwanza lilishindwa papo hapo, kwa kuwa mashine iliendelea kutafuta mfumo katika diski yake ya ndani na kuipuuza flashi. Nilifahamishwa kwa simu kwamba sharti nibonyeze kitufe maalumu mara tu mashine inapowaka, ili niiamuru ianze na flashi. Nilifanya hivyo, na programu ya usakinishaji ikafunguka. Nilitakiwa nichague lugha. Kiswahili hakikuwamo katika orodha. Nikachagua Kiingereza, nikasonga mbele hata nikafika kwenye ukurasa ambapo mtu huchagua diski atakayouwekea mfumo. Orodha ya diski ilikuwa tupu. Palikuwa na maelezo mafupi ambayo, tukiyageuza neno kwa neno, yalisema hivi: hatukuweza kupata diski zozote, ili kupata draiva ya hifadhi, bofya mahali pa kupakia draiva.

Niliyasoma maelezo hayo mara tatu. Kiingereza nimekisoma tangu utotoni, na uchanganuzi wa sentensi ndio unaonipa riziki. Hata hivyo, nilichokielewa usiku ule ni kwamba diski imekufa. Sentensi ya pili, ile ya draiva, niliichukulia kuwa nyongeza isiyonihusu. Nilizima mashine, nikaenda kulala bila kupata usingizi, nikiwafikiria wale wazee wawili na hadithi walizonisimulia wakiamini kwamba nimezitia mahali pa salama.

Asubuhi nilikwenda mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, kwa fundi mmoja kijana ambaye benchi lake limebanwa kati ya muuza simu na muuza spika. Nilimwomba aniuzie diski mpya.

"Mwalimu, hebu kwanza tuione hiyo ya zamani," akaniambia.

Aliwasha mashine akaingia katika programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu, ile inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Mafundi wangali wanaiita BIOS, ingawa mashine za leo hutumia mrithi wake, UEFI. Alinionyesha mstari mmoja. Pale palikuwa na jina la diski yangu pamoja na ukubwa wake.

"Hii hapa, Mwalimu. Iko hai. Flashi yako ndiyo haina macho ya kuiona."

Alinifafanulia kwamba katika vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni diski huwekwa chini ya kidhibiti maalumu, na programu ya usakinishaji isiyobeba draiva ya kidhibiti hicho hufika mlangoni, ikakuta pamefungwa, ikarudi kuripoti kwamba haikupata kitu. Nilipomhimiza aitafute draiva hiyo upesi tumalize kazi, alikataa. Aliniuliza kama nina kitu changu mle ndani. Nilipomweleza, aliondoa mikono kwenye kibodi kabisa.

"Basi leo hatusakinishi," akasema. "Kwanza tutoe mali yako. Wengi huniletea mashine wakishafuta, wakiniomba nirudishe. Nitarudisha nini?"

Alitia flashi nyingine yenye mfumo wa Ubuntu, ambao unaweza kufanya kazi kutoka katika flashi yenyewe bila kuigusa diski. Diski ikajitokeza, lakini ikadai ufunguo, kwa sababu yaliyomo yalikuwa yamesimbwa bila mimi mwenyewe kujua. Ufunguo huo ni nambari ndefu yenye tarakimu 48. Tuliupata kupitia simu yangu, katika akaunti niliyoifungua siku niliponunua mashine na kuisahau. Rekodi zikanakiliwa kwenye diski ya nje kwa muda wa saa mbili. Ndipo alipoitafuta draiva, orodha iliyokuwa tupu ikajaa, na mfumo mpya ukasakinishwa kabla ya adhuhuri. Wakati tukisubiri nilimweleza kwamba Ubuntu, jina la mfumo ulioanza kutolewa mwaka 2004, ni ndugu wa neno letu utu, kwani maneno yote mawili yana shina moja la Kibantu. Alicheka, akasema ndiyo maana umemwokoa mtu.

Sasa nirejee kwenye sentensi iliyonipoteza, maana hapo ndipo penye hoja yangu. Kiswahili kinatofautisha mambo ambayo sentensi ile iliyachanganya. Tunaposema diski haipo, tunamaanisha kwamba mahali pale hapana diski. Tunaposema diski haionekani, tunakubali kwamba huenda ipo ila pana kizuizi. Tunaposema siioni, tunakiri kwamba dosari yaweza kuwa katika macho yetu wenyewe. Tunaposema haisomeki, tunadokeza kwamba imepatikana lakini yaliyomo hayafahamiki. Kauli hizi nne zinampeleka msikilizaji katika njia nne. Ya kwanza inampeleka kwa muuza diski. Ya pili inamwambia atafute kizuizi. Ya tatu inamwambia aipe flashi draiva. Ya nne inamwambia aulizie ufunguo, au akague kama diski imeharibika. Kijana wa Luthuli, bila kufundishwa isimu na mtu yeyote, alichagua kauli iliyostahili alipotaja macho ya flashi. Mimi niliyesomea jambo hilo nilikaribia kutupa diski nzima.

Liko pia suala la nafsi. Mashine ilisema "hatukuweza". Hao wanaozungumza kwa wingi ni akina nani? Ni mashine, ni flashi, au ni kampuni iliyoandika programu? Lau ningelijua kwamba msemaji ni flashi, ningeelewa mara moja kwamba ushahidi wake ni wa shahidi mmoja tu, na kwamba yuko shahidi wa pili, yaani BIOS, ambaye hajaulizwa. Ujumbe wa hitilafu ni utanzu wa lugha wenye kanuni zake, kama ulivyo ujumbe wa daktari kwa mgonjwa. Unapaswa kusema ni nani aliyeona, ameona nini, ni nini bado hakijulikani, na mgonjwa afanye nini bila kujidhuru. Sentensi hiyo ya Kiswahili ingeweza kuwa fupi tu: "Programu hii haiioni diski yako. Huenda ipo na ni nzima. Usifute chochote, tafuta draiva kwanza."

Msomaji atasema kwamba Kiswahili kimo katika kompyuta tayari. Ni kweli, na waliokiingiza wanastahili shukrani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi uliofahamika kama Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wake wa kutafsiri programu zake kwa Kiswahili, na baadaye Windows ikapata kifurushi cha lugha yetu. Mwaka 2009 Facebook nayo ikafunguliwa kwa Kiswahili. Sisi wa vyuo vikuu tulishangilia, tukaandika makala, tukajadili kama chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi.

Lakini tazama mahali Kiswahili hicho kilipowekwa. Kifurushi cha lugha huwekwa juu ya mfumo ambao umekwisha kusimama na kutembea. Mashine ikiwa nzima, inakukaribisha kwa Kiswahili, inakuonyesha menyu kwa Kiswahili, hata inakuaga kwa Kiswahili. Siku inapougua, Kiswahili huondoka pamoja na afya yake. Ukurasa wa usakinishaji wa Windows haumo katika lugha yetu, na BIOS ya mashine zinazouzwa madukani mwetu aghalabu huzungumza Kiingereza. Tumepewa sebule yenye makochi mazuri, na chumba cha mgonjwa tumefungiwa mlango. Ilhali mwenye nyumba huhitaji kuelewa kila neno hasa pale kwenye chumba cha mgonjwa, kwa sababu mle ndimo mna kitufe cha kufuta.

Sidai kwamba kutafsiri pekee kutatosha. Tafsiri ya haraka yaweza kuongeza giza. Chukua neno kiendeshi. Kwa kuwa diski na draiva, kwa majina yao ya Kiingereza, hutokana na kitenzi cha kuendesha, mtafsiri aliyeketi mbali na mashine anaweza kuviita vyote viwili viendeshi. Akifanya hivyo, ujumbe ulionipoteza utasomeka kwamba hakuna kiendeshi, kwa hiyo pakia kiendeshi. Nani atauelewa? Au chukua neno rejesha. Kuna kitendo cha kurudisha faili zilizopotea, kuna kitendo cha kuirudisha mashine katika hali ya wiki iliyopita bila kugusa faili, na kuna kitendo cha kuirudisha katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani, ambacho chaweza kumaliza kila ulicho nacho. Mtafsiri akiyatia yote matatu katika neno rejesha, mama mmoja aliyepoteza picha za arusi ya bintiye atabonyeza rejesha akitumaini kurejeshewa, na mashine itamfutia zilizobaki. Kosa hilo ni la msamiati, na hasara yake haina fidia.

Ndiyo maana naona kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na wanaisimu peke yao katika kumbi za warsha. Tukumbuke jinsi Kiswahili kilivyoingia katika gereji. Breki, gia, klachi, plagi, kabureta na spana yalitwaliwa na mafundi wakiwa chini ya magari, mikono imejaa grisi, yakapewa sauti za Kiswahili na kuanza kazi siku hiyo hiyo. Bisibisi nayo ikadumu, kwa kuwa fundi hakuona haja ya kuibadilisha. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kulipeleka gari lake kwa fundi leo, akalieleza tatizo kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili, na fundi akamfundisha mwanagenzi wake kwa Kiswahili hicho hicho. Katika benchi za Luthuli mambo yamekwisha kuanza kuwa vivyo hivyo. Nilisikia flashi, draiva, kubuti na kufomati, yote yakinyambuliwa kwa ufasaha: inabuti, haibutiki, imefomatiwa. Lugha ya tiba ya tarakilishi tayari imo vinywani mwa watu. Kinachokosekana ni daraja la kuifikisha kwenye skrini.

Hapa sina budi kuwajibu wale wanaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya teknolojia, na kwamba anayetaka kutumia kompyuta akajifunze hicho. Hoja hiyo ingekuwa na uzito endapo Kiingereza kingetosha. Kisa changu kinaonyesha kwamba hata aliyekisomea anaweza kupotea, sembuse mkulima aliyenunua kipakatalishi cha mitumba kwa ajili ya masomo ya mwanawe. Tena, tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule zetu. Tumewafundisha watoto wetu lugha hii kwa takriban miaka arobaini, kisha tunapowauzia vyombo tunajifanya hatujui kwamba wanaielewa.

Wapo pia wanaohofu kwamba mambo yenye uzito yakisemwa kwa Kiswahili yatakosa usahihi. Hao nawakumbusha M-Pesa. Huduma hiyo ilianzishwa mwezi wa Machi mwaka 2007, na mteja anaweza kuitumia kwa Kiswahili katika kutuma pesa, kutoa pesa na kuangalia salio. Hakuna jambo ambalo Mkenya hulichukulia kwa uzito zaidi ya pesa zake. Ikiwa lugha yetu inaaminiwa kubeba mshahara wa mtu, kwa nini isiaminiwe kumwambia kwamba diski yake haionekani?

Sheria nayo iko upande wetu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidike kikamilifu na kile alichokinunua. Ukiviweka vifungu hivi viwili pamoja, swali linajitokeza lenyewe. Maelezo ambayo mnunuzi hawezi kuyaelewa ni maelezo ya aina gani? Sijasikia swali hilo likiulizwa na watetezi wa walaji, na ningependa lianze kuulizwa.

Nina mapendekezo matatu. La kwanza linahusu vyuo vikuu. Idara zetu za Kiswahili na zile za sayansi ya kompyuta zinakaa katika jengo moja au mawili yaliyopakana, lakini hukutana tu kwenye mahafali. Wanafunzi wa pande zote mbili watumwe pamoja kwenye benchi za mafundi Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret, wakakusanye maneno yanayotumiwa na namna hitilafu zinavyoelezwa. Kisha wachukue programu huria, ambazo matini yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyatafsiri, waanze na kurasa za usakinishaji na za uokoaji badala ya zile za mapambo. Kabla ya tafsiri kukubaliwa, ijaribiwe kwa mtu asiyejua kompyuta: aketishwe mbele ya mashine yenye hitilafu, tuone kama atabonyeza panapostahili. Mtihani wa istilahi ni huo.

Pendekezo la pili linahusu Serikali. Kila inapotangaza zabuni ya kompyuta za shule na ofisi, iweke sharti kwamba mwongozo wa kusakinisha upya na wa kuokoa data uwe pia kwa Kiswahili. Muuzaji anayetafuta mkataba mkubwa hawezi kushindwa kumlipa mtafsiri mmoja. La tatu linawahusu wauzaji wa madukani. Karatasi moja ya Kiswahili inayomweleza mnunuzi ufunguo wake umehifadhiwa wapi na draiva zake zinapatikana wapi ingetosha kuziokoa nyaraka nyingi.

Maadamu karatasi hiyo haijaandikwa, nami sitaki msomaji atoke hapa mikono mitupu, nitaeleza kwa ufupi niliyojifunza. Haja ya elimu hii imeongezeka tangu usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye mashine za zamani wakajikuta wakilazimika kuamua kama watahamia mfumo mwingine.

Kwanza, kabla ya kusakinisha mfumo wowote, nakili faili zako mahali pengine, kisha ufungue nakala hizo uhakikishe kwamba zinasomeka. Mashine ikiwa haiwaki, tumia flashi yenye mfumo unaojiendesha wenyewe, kama alivyofanya fundi wangu.

Pili, utafute ufunguo wako mapema. Katika Windows kufuli ya diski huitwa BitLocker, na ufunguo wake wa akiba wenye tarakimu 48 mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya mtumiaji. Ukiukosa, hakuna fundi atakayeweza kuvifungua vilivyofungwa.

Tatu, orodha ya diski ikiwa tupu, usikimbilie dukani. Iulize BIOS. Diski ikionekana huko, tatizo ni draiva. Katika vipakatalishi vingi vyenye prosesa za Intel za tangu mwaka 2020 hivi, kidhibiti kinachohusika huitwa VMD. Draiva yake hupakuliwa kwa kompyuta nyingine kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine, ikafumuliwa na kutiwa kwenye flashi. Wako wanaokizima kidhibiti hicho katika BIOS. Fahamu kwamba ukikizima, mfumo wa zamani uliomo ndani huenda usiwake.

Nne, ukiambiwa kwamba mfumo hauwezi kuwekwa kwa kuwa diski imegawanywa kwa mtindo wa GPT, usikubali kuifuta ili kuibadilisha. Aghalabu maana yake ni kwamba flashi iliwashwa kwa njia ya kale. Zima mashine, uiwashe flashi kwa njia ya UEFI, na diski itakubalika jinsi ilivyo.

Tano, usakinishaji ukikatika katikati kwa malalamiko kwamba faili fulani imeharibika au haipo, ishuku flashi kabla ya kuishuku mashine. Itengeneze upya, ikiwezekana kwa faili iliyopakuliwa upya. Flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayofikia gigabaiti 4.

Na juu ya hayo yote, ukifika kwenye ukurasa wenye neno la kufuta nawe huna hakika, ondoa mikono kwenye kibodi. Mashine haina haraka.

Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoiteua siku hiyo mwaka 2021, tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba, mashairi na vazi la kanga. Siyapingi maadhimisho hayo, nami huhudhuria. Ila mwaka huu nitakapoketi katika ukumbi nikisikiliza tukisifiwa kwamba lugha yetu imeingia katika teknolojia, nitamkumbuka kijana wa Luthuli aliyeiambia diski yangu iko hai wakati skrini na mwanaisimu walikuwa wamekwisha kuizika. Rekodi za wazee wa Vanga na Wasini sasa ziko mahali patatu. Ziliokolewa na mtu aliyejua kusema, kwa Kiswahili chepesi, tofauti kati ya kitu kisichokuwapo na kitu kisichoonekana. Tofauti hiyo ndiyo tunayopaswa kuiandika kwenye skrini, na kazi ya kuiandika ni yetu.